Losar Huanza Jikoni: Niliyojifunza Kwenye Mwaka Mpya wa Watibeti wa Bylakuppe

Ukitaka kuiona Losar, mwaka mpya wa Watibeti, usifike siku ya mwaka mpya. Nasema hivi kwa sababu wanafunzi wenzetu kutoka Afrika Mashariki walioko Mysuru na Bengaluru, kusini mwa India, hupanda basi asubuhi ya siku ya kwanza, simu mkononi tayari kwa picha, wakafika Bylakuppe wakakuta maduka yamefungwa na mageti yamerudishiwa. Wanazunguka hekalu la dhahabu la Namdroling, wanatafuta mkahawa ulio wazi, jioni wanarudi wakisema sikukuu yenyewe imepoa. Haijapoa. Siku ya kwanza ni ya watu wa nyumbani, na kazi kubwa imekwisha fanyika siku nyingi kabla, mbele ya karai la mafuta.

Mimi ni mtu wa Tanga na ni Mwislamu. Nilipokuwa nasoma Mysuru nilikaa dawati moja na binti wa Kitibeti aliyezaliwa Bylakuppe, mwendo wa kilomita zipatazo 80 kwenda magharibi. Pale ni makazi ya wakimbizi waliotoka Tibet baada ya Dalai Lama, kiongozi wao wa dini, kuvuka kuingia India mwezi Machi 1959. Serikali ya jimbo, ambalo leo ni Karnataka, iliwapa ardhi ya msitu, nao mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaifyeka na kulima mahindi. Vijiji vyao mpaka leo wanaviita kambi: kambi ya kwanza, kambi ya pili, na kuendelea. Bibi yake rafiki yangu alifika pale akiwa msichana. Nilimwita Mo-la kama wanavyomwita wajukuu zake, na mama mwenye nyumba nikamwita Ama-la. Hakuna aliyenifundisha kuwaita hivyo. Unasikia tu, na ukilelewa kwetu huwezi kumwita mama wa watu kwa jina.

Kabla sijafika kwenye chakula, lazima niseme habari ya kibali, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Asiye raia wa India haruhusiwi kulala Bylakuppe bila kibali cha eneo la ulinzi kinachotolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani, Delhi. Kutembea mchana na kuondoka jioni hakuna shida. Kulala ndiyo shida. Maombi huchukua miezi, kwa hiyo kama unataka Losar ya Februari, anza kuyashughulikia mvua za masika yao hazijaisha, mwezi wa nane au wa tisa. Mwenyeji naye anatakiwa kukuandikisha ndani ya saa 24 tangu ufike, na asipofanya hivyo anaweza kuingia matatani kwa ajili yako. Hawa ni watu wanaoishi ugenini kwa karatasi. Usiwaongezee mzigo kwa kulala kinyemela ati kwa kuwa nyumba iko pembeni na hakuna atakayejua.

Mwenzetu mmoja kutoka Kenya aliomba kwa kuchelewa, akapanga chumba Kushalnagar, mji ulio ng'ambo ya mto Kaveri, kilomita chache tu. Alikuja kila asubuhi kwa bajaji na hakukosa mengi. Kilichomgharimu ni usafiri wa usiku, kwani wakati wa supu ya siku ya 29 ya mwezi wa mwisho wa kalenda yao, nitakayoieleza mbele, na alfajiri ya mwaka mpya bajaji ni za kutafuta, na bei inapanda. Aliyetangulia kupatana na dereva mmoja kwa siku zote alilipa nafuu. Basi la kawaida kutoka Mysuru ni bei ndogo, chini ya rupia 200.

Jambo la pili ni tarehe. Losar hufuata kalenda ya mwezi na jua ya Watibeti, hivyo huhama kati ya Februari na Machi: mwaka 2023 ilikuwa 21 Februari, 2024 ikawa 10 Februari, 2025 ikawa 28 Februari. Kuna miaka inaangukia siku moja na mwaka mpya wa Kichina, kama ilivyokuwa 2024, na kuna miaka zinapishana mwezi mzima, kama 2023 na 2025. Usije ukaingia nyumba ya Mtibeti ukamtakia heri ya mwaka mpya wa Kichina. Nilisikia mtu akisema hivyo dukani, kwa nia njema kabisa, na nikaona uso wa muuzaji ulivyobadilika. Kwao si kukosea jina la sikukuu. Ni kuguswa pale pale palipowafukuza kwao, yaani utawala wa China. Sema Tashi delek, salamu yao ya heri, inatosha, na itapokewa kwa mikono miwili.

Nilikwenda wiki moja kabla ya siku yenyewe. Baba mwenye nyumba alikuwa amerudi karibuni kutoka kaskazini. Familia nyingi za pale hufunga safari wakati wa baridi kwenda miji ya India kuuza sweta barabarani, kisha hurejea kabla ya Losar, na fedha hizo ndizo zinazonunua unga, siagi na nguo mpya za watoto. Kwa hiyo ukimwona baba analala mchana siku hizo, mwache. Ametoka kusimama miezi.

Ama-la alinipa kazi siku ile ile, na nilimshukuru, kwa sababu mgeni asiye na kazi jikoni ni mgeni kweli. Tulikaanga khapse. Mtu wa Pwani akiziona atasema ni visheti, na hatakuwa mbali: unga wa ngano, sukari, maziwa, siagi au mafuta kidogo, donge linakandwa gumu, linasukumwa, linakatwa, linatumbukizwa kwenye mafuta. Tofauti ni maumbo na wingi. Kuna ndogo za kutafuna na chai, kuna zilizosokotwa, kuna za duara, na kuna zile kubwa ndefu zilizopinda, ambazo wao wanaziita masikio ya punda. Hizi kubwa hazikaangwi kwa ajili ya kuliwa haraka. Zinapangwa juu ya meza ya ibada mbili mbili, zikipishana, mpaka zinakuwa mnara, kisha juu yake huwekwa pipi, matunda makavu na vipande vya jibini kavu. Nyumba isiyo na mnara ule siku ya Losar inaonekana tupu hata ikiwa imejaa watu.

Kazi ya masikio ya punda si ya mtu mmoja. Majirani walikuja, leo wanakaanga kwetu, kesho kwao. Mmoja anasukuma, mmoja anakunja, na kwenye karai anasimama mwenye mkono uliozoea, akilishika donge kwa vijiti viwili lisipoteze umbo hadi likauke. Moto ukiwa mkali, nje inakuwa nyekundu na ndani bado ni unga mbichi, na ile khapse itaoza kabla ya siku ya tatu. Moto ukiwa mdogo, inakunywa mafuta. Ama-la hakuwa na kipimo. Alitupa kipande kidogo, akasikiliza. Mikono yangu iliyozoea chapati ilinipa heshima kidogo kwenye kusukuma, lakini kwenye karai sikupewa nafasi, na ni sawa. Ukitaka kuchangia gharama, peleka unga na mafuta ya kupikia mapema, kabla kazi haijaanza. Nilipeleka vyote viwili na vilitumika siku hiyo hiyo. Zawadi ya vitu vya kupambia kabatini ingekaa tu.

Hapo hapo jikoni ndipo nilipozungumza habari ya dini yangu. Nilimwambia Ama-la kwamba siwezi kula nyama isiyochinjwa kwa taratibu zetu, situmii pombe, na kwamba sehemu za ibada nitakaa nazo kwa heshima lakini sitashiriki. Moyo ulikuwa unanidunda, nikihofia nitaonekana nimekuja kuchagua chagua. Alisikiliza, akauliza kama mafuta ya karai yana tatizo, nikasema mafuta ya mimea hayana, basi yakaisha. Kisha Mo-la akaniambia kwamba Lhasa, mji mkuu wa Tibet, ya utoto wake ilikuwa na Waislamu, Watibeti wenye misikiti yao na machinjio yao, na kwamba kwao si jambo geni. Sikulijua hilo. Ushauri wangu ni huu: sema mapema, wakati sufuria bado ziko kabatini. Ukingoja bakuli liwe mbele yako, umemwaibisha mwenyeji na umejinyima chakula.

Siku ya 29 ya mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yao ndiyo ninayomwambia kila mtu asiikose. Mchana kutwa nyumba inasafishwa, kila kona, masizi ya jikoni yanafutwa. Siku hizo pia nyumba za watawa hucheza ngoma za vinyago za kuondoa nuksi za mwaka. Namdroling huwa na umati, ukitaka pa kukaa fika mapema. Usiku ndipo inapikwa guthuk, supu ya vitu tisa. Kwetu pale iliingia figili, njegere, jibini kavu, mchicha, kitunguu, pilipili, na vipande vidogo vya unga vilivyobonyezwa kwa kidole mpaka vikawa kama vikombe vidogo. Sufuria ya familia ilikuwa na nyama ya kondoo, na Ama-la alinitengea ndogo isiyo na nyama. Vile vipande vya unga vilinichosha vidole kuliko kazi yote ya wiki ile.

Desturi inataka mtu ale mabakuli tisa. Hakuna tumbo la kuweza hivyo kwa mabakuli yaliyojaa, kwa hiyo jaza kidogo kidogo, na la kwanza usilimalize, maana mabaki yana kazi baadaye. Katikati ya kula kila mtu hupewa donge kubwa la unga lililofichwa kitu ndani. Haliliwi, linapasuliwa mbele ya wote. Ukikuta kipande cha mkaa, roho yako nyeusi. Sufu nyeupe, moyo wako mwema. Chumvi, mvivu. Pilipili, una maneno mengi. Maana zinatofautiana kidogo nyumba na nyumba, ila mkaa haubadiliki. Ulimwangukia mjomba mmoja mpole, asiyesema, na watoto walicheka mpaka wakalala sakafuni. Mimi nilipata pilipili.

Kisha sauti zikashuka. Kila mtu akapewa tonge la unga mbichi, akajipangusa nalo mahali panapomuuma, magotini, kichwani, kifuani, akalibana kwa vidole mpaka alama za vidole zikabaki. Matonge yote yakawekwa kwenye chombo kikuukuu pamoja na kinyago kidogo cha unga chenye umbo la mtu, yakamwagiwa yale mabaki ya supu. Baba na vijana wakawasha mienge ya majani makavu, wakapita kila chumba wakipiga kelele kuyafukuza maovu yatoke, wakakimbia na kile chombo hadi njia panda, wakakiacha pale, wakarudi. Anayerudi hageuki nyuma. Mimi nilibaki kibarazani na Mo-la, kama nilivyokuwa nimeomba. Barabara nzima ilikuwa na mienge na fataki. Ukiwa na mtoto mdogo au unaogopa milipuko, kaa ndani, kwa sababu fataki zinarushwa bila kuangalia nani anapita.

Siku ya 30 ni ya kupanga meza ya ibada, na hapo ndipo nilipoelewa maana ya kuishi mbali na kwao. Katikati ya meza huwekwa chemar, sanduku la mbao lililogawanywa mara mbili, upande mmoja unga wa shayiri ya kukaangwa uliochanganywa na siagi, upande wa pili nafaka nzima, na juu yake huchomekwa masuke na mapambo ya siagi yenye rangi. Tibet ni baridi, siagi inatulia. Karnataka mwezi Februari jua la mchana linafika nyuzi 30 na zaidi, siagi inalia. Wenyewe wamepata njia: wanatumia siagi ya mimea iliyochanganywa na nta, na wanachovya mikono kwenye maji baridi wanapofinyanga. Shayiri nayo si zao la mashamba yao ya pale, inanunuliwa kutoka mbali. Mo-la alikuwa akichambua punje moja moja na kunisimulia mashamba ya kijijini kwao. Hakulia. Kulia karibu na Losar ni mkosi, na alikuwa mwangalifu sana na hilo.

Alfajiri ya siku ya kwanza Ama-la alikuwa macho kabla ya sote, kwenda kuteka maji ya kwanza ya mwaka. Kwao ni bomba la uani, si kisima, lakini aliondoka na ndoo giza likiwa bado limetanda. Watu wakaoga, wakavaa chuba mpya, yaani yale majoho yao marefu, na wanawake walioolewa wakafunga aproni ya mistari ya rangi mbele. Nami nilivaa dera langu jipya na mtandio, na ilipokelewa vizuri. Kinachotakiwa ni kuwa msafi na kuvaa kitu kipya, si kujifanya Mtibeti.

Chemar inapitishwa kwa kila mtu. Kila mmoja huchukua kwa ncha za vidole, akarusha kidogo hewani mara tatu kwa miungu, kisha akatia kidogo kinywani na kutakiana heri. Mimi nilitia kinywani tu, na Ama-la akanirushia mwenyewe. Halafu kinaletwa kinywaji cha moto cha chang, pombe ya shayiri, kimetiwa sukari na jibini kavu. Yule mwenzetu Mkenya, Mkristo asiyekunywa pombe, alifuata njia ambayo wao wenyewe hutumia: kuchovya kidole cha pete cha mkono wa kulia, kurusha matone mara tatu, na kurudisha. Inakubalika kabisa. Kwangu hata hilo lilikuwa na ibada ndani yake, kwa hiyo niliweka mkono kifuani nikasema sinywi, nikaletewa chai ya maziwa na sukari.

Kisha wali mtamu, dresil, wenye siagi, zabibu na vijizizi vidogo vitamu viitwavyo droma. Na chai ya siagi. Hii ina chumvi na mafuta, na anayeitarajia kuwa chai atashtuka. Siri yake ni kunywa kidogo kidogo. Kikombe hakiachwi kikapungua. Ukipiga funda moja kinajazwa. Ukimaliza kwa mkupuo ukidhani umekwisha, utajazwa tena. Acha kimejaa, ongea, na ukiwa unaaga ndipo unakunywa. Siku hiyo usifagie, usiseme maneno makali, na usiwe na haraka ya kwenda kwa jirani.

Kutembeleana huanza siku ya pili, na hapo nenda na khata, skafu nyeupe ya heshima, uitoe kwa mikono miwili. Zipo za rupia chache madukani na zipo za ghali. Ya kawaida inatosha. Kila nyumba utapewa khapse na chai, kwa hiyo usishibe nyumba ya kwanza. Wanaume hukaa siku nzima kwenye mchezo wa dadu uitwao sho, wakigonga kikombe kwa kishindo. Unaweza kutazama bila kuweka fedha. Nyumba nyingi zina vyumba vitupu, vijana wako Toronto na New York, na simu ya video inaegemezwa kwenye mnara wa khapse ili aliye mbali aone meza. Nilimpigia mama yangu Tanga kutoka meza hiyo hiyo.

Uliza kwanza kabla ya kubisha hodi, maana familia iliyofiwa ndani ya mwaka haisherehekei. Kuna miaka taifa zima lilikaa hivyo. Mwaka 2009, baada ya maandamano ya Tibet ya 2008 na damu iliyomwagika, na tena 2012 kwa ajili ya waliojichoma moto wakipinga utawala wa China, Watibeti wengi walioko uhamishoni waliacha shangwe wakabaki na sala tu. Rafiki yangu anakumbuka 2009 akiwa mtoto, hakuna nguo mpya, hakuna fataki.

Siku ya tatu ni ya kubadilisha bendera za sala: buluu, nyeupe, nyekundu, kijani, njano, kwa mpangilio huo. Zisiguse ardhi na usizivuke kwa mguu. Majani ya mreteni yanachomwa juu ya mapaa, moshi unapanda, na watu wanarusha unga wa shayiri hewani kwa pamoja wakipaza sauti. Vaa nguo utakayoweza kuifua.

Kwa Waislamu wenzangu, angalieni kalenda mbili. Mwaka 2025 Losar ilikuwa Ijumaa ya 28 Februari na Ramadhani ikaingia ndani ya siku mbili. Nilirudi mwaka ule kwa ajili ya guthuk, nikala na wenyeji wangu usiku ule bila wasiwasi, na zile ziara za chai tukazisogeza baada ya magharibi. Mwaka 2026 tarehe zimekaribiana hivyo hivyo, Losar ikiwa 18 Februari. Supu inaliwa siku mbili kabla yake, kwa hiyo panga safari yako kwa ajili ya supu.